Shangazi Aliyeipa Video Mgongo

Mwanangu wa chekechea ana simu ya babake mkononi, na ameshanijua. "Mama, hii imeandikwa saba," ananiambia kabla sijauliza, akinionyesha ile namba ndogo ya umri kwenye kona. Yeye hajafika saba, lakini hapo anapapita haraka, anatumaini sitasimama. Namwambia namba ile imeandikwa na mtu ambaye hajawahi kumwona. Kisha nakaa barazani, hapa Lodwar, joto la saa tisa likiwa limetukalia, naiangalia katuni yote mwanzo hadi mwisho kabla yeye hajaiona. Mume wangu ananicheka. Jirani ananiita bodi ya filamu. Waache wacheke.

Mwaka huu nimezidi kuwa mkali, na sababu naijua. Tulimzika Shangazi Nakiru, dada ya baba yangu, aliyetulea Kakuma mimi na mdogo wangu Erupe. Siku ya matanga mama mmoja alikuwa akikaanga njugu nyuma ya nyumba, kwenye sufuria ya mchanga wa moto, na harufu ile iliponifikia niliacha vyombo nilivyokuwa nikiosha, nikaenda pembeni nikalia. Watu wakadhani msiba ndiyo kwanza umenifikia. Ni kweli ulikuwa umenifikia, ila ulinipitia kwenye banda la video.

Wenzangu mliokulia Kakuma mnalijua banda la video. Kuta za matofali ya udongo, mabati juu, magunia yaliyoshonwa pamoja kuziba madirisha, mbao ndefu juu ya mawe ndizo viti, na nyuma jenereta inanguruma mpaka waigizaji wanalazimika kupiga kelele. Ndani mlinuka petroli, vumbi na jasho. Ukitoka, jua lilikupiga usoni ukapiga chafya. Banda tulilolipenda sisi watoto wa mjini lilikuwa upande wa kambi ya wakimbizi, ng'ambo ya mto Tarach, na mto wenyewe siku nyingi ulikuwa mchanga mtupu, tukiuvuka mbio kwa sababu uliunguza nyayo. Mwenye banda alikuwa mkimbizi kutoka Kongo, tukimwita Baba Furaha, mtu mnene, mchangamfu, aliyependa watoto na aliyependa zaidi banda likijaa. Ijumaa alasiri alionyesha filamu kwa watu wazima. Jumamosi aliirudia kwa watoto, kama haikuwa na ubaya. Na ubaya kwa Baba Furaha ulikuwa mmoja tu, watu kuvua nguo. Wakiwa wamevaa, wangeweza kuchinjana kutoka asubuhi hadi jioni na filamu ikabaki ya watoto.

Sasa nimtaje Erupe, maana haya yote ni yake.

Baba yetu alikuwa utingo wa lori la kwenda Lokichoggio. Siku moja alimchukua Erupe, ambaye hakuwa ameanza hata shule, ili akaone ndege zikitua. Njiani walivamiwa na watu wenye bunduki. Baba hakurudi. Erupe alirudi mzima, hana hata mkwaruzo, na alichokiona hajatusimulia mpaka leo. Mama akaenda Lodwar kutafuta riziki, akapata kazi ya jikoni katika nyumba ya wageni kule Nawoitorong, akawa anatufikia mwisho wa mwezi. Shangazi Nakiru akahamia kwetu na sufuria zake na ukali wake. Alikuwa mwembamba, mrefu, mwenye sauti ya kuita mbuzi walio mbali, na aliitumia sauti hiyo hiyo kutuambia tunawe mikono. Nilimpenda kupita kiasi. Nilimwogopa pia, lakini kidogo.

Mtoto yule, kati ya vitu vyote vya dunia hii, alipenda video. Angekaa kwenye ubao mdomo wazi, hapepesi macho, mate yanamtoka. Lakini bunduki ikionekana tu, hata kabla haijalia, alishuka, akapita kati ya miguu ya watu, akatoka mbio mpaka nyumbani, na hakusema na mtu mpaka kesho yake. Na kati ya filamu zilizoletwa Kakuma, ni ipi haikuwa na bunduki? Watoto wenzetu walimjua. Walimngoja njiani wakimtania, "Erupe, kwani mwisho ilikuaje?" Maana Erupe hakuwahi kuona mwisho wa filamu hata moja. Hakuwa mtoto wa kuomba vitu. Kitu kimoja tu ndicho alichokuwa akikisema kila jioni, akimfuata Shangazi kati ya jiko na mlango.

"Shangazi, mimi nataka kuona mwisho."

"Utaona mwisho," Shangazi alimjibu, kwa sauti ya mtu anayegombana na mwingine ambaye hayupo.

Akaamua kwenda kuiangalia filamu mwenyewe Ijumaa, kabla ya watoto kuiona. Hakuwa amewahi kuingia bandani. Aliingia akainama mlangoni, akasimama nyuma, nami pembeni yake. Bahati mbaya filamu ya siku hiyo ilianza na ng'ombe. Ng'ombe wengi ajabu, wanene, pembe zimetanuka, wanavuka mto wenye maji kwelikweli. Nyasi zilikuwa zinawafika tumboni. Shangazi alisahau kilichomleta. Alimchagua mmoja mwekundu mwenye baka jeupe, akamfuata kwa macho kutoka ukingo huu hadi ule, akatosheka, akanishika mkono tukaondoka filamu haijafika popote.

"Hiyo iko mzuri," akamwambia Erupe. "Ni video ya ng'ombe. Watu wako na ng'ombe mingi hivyo, sasa watagombania nini?"

Jumamosi tulikwenda sote, na yeye akaja, nadhani alitaka kumwona tena yule mwekundu. Ng'ombe walipomaliza kuvuka, wakatokea watu juu ya farasi, na yaliyofuata mtu yeyote wa kwetu angeweza kuyasimulia bila kuyaona. Erupe alikuwa keshafika mtoni. Shangazi alibaki wima, mkono kinywani.

"Kumbe hata huko wazungu wanaibiana ng'ombe!" alimwambia Baba Furaha kwa uchungu, kama kwamba ndiye aliyewauzia zile bunduki.

"Mama, ni filme tu," Baba Furaha akasema. "Batu banakufa halafu banasimama, banaenda kukula."

"Huyu mtoto wangu hajaona mtu akisimama," Shangazi akajibu, akatoka.

Nilidhani mambo yameishia hapo. Lakini Ijumaa iliyofuata Shangazi alikaanga njugu, akazifunga kwenye vipande vya gazeti, akanitwisha karai, tukarudi bandani. Alimwambia Baba Furaha anataka kuuza njugu, na anataka kukaa mbele, kando ya televisheni. Akageuza mtungi wa plastiki akaukalia. Ila aliukalia vibaya. Aliipa televisheni mgongo, uso wake akauelekeza kwa watu, na hivyo ndivyo alivyokaa filamu nzima, mwanga wa rangi rangi ukimchezea masikioni. Hakugeuka hata mara moja. Watu walipopiga kelele hakugeuka, walipocheka hakugeuka. Aliwatazama wao, safu kwa safu, kwa jicho lile alilotumia kutafuta mbuzi mgonjwa katika zizi.

Usiku Erupe alipouliza, alijibiwa, "Kesho kaa nyumbani." Mimi niliruhusiwa kwenda, na ni kweli, bunduki zilikuwemo, tena mwishoni, mahali ambapo mtu asiyeangalia hangeweza kujua. Wiki iliyofuata ikawa hivyo hivyo. Aliipa video mgongo, akarudi nyumbani, akasema, "Kaa," na bunduki zikawepo. Sikuelewa anajuaje. Erupe naye alikaa, lakini alikaa akinuna, ana kijiti anachora kwenye mchanga watu waliokatika katikati.

Nilipofikiria sana, nikapata jibu langu, na lilikuwa jibu la mtoto wa kike wa umri ule. Nilikuwa nimegundua kwamba macho ya Shangazi, yakishazunguka banda zima, yanatua kwa mtu mmoja na kubaki hapo. Aliitwa Majok. Alikuwa kijana wa Sudan, mrefu kuliko mlango, aliyefika kambini akiwa mdogo, kwa miguu, na sasa alikuwa akiziba pancha za baiskeli karibu na banda. Alipenda kukaa mwisho wa ubao, penye mlango. Na Shangazi siku za Ijumaa alijipaka mafuta shingoni mpaka shanga zikang'aa. Njiani tukirudi aliweza kusema peke yake, "Leo huyo mtu hakutulia kabisa," au, "Leo alianza vizuri." Nikajua. Shangazi anachagua mume. Ndiyo sababu anakaa mbele kama mtu aliye sokoni, na amekwishachagua.

Roho iliniuma sana. Baba alikwenda, mama alikwenda, sasa na huyu anakwenda kambini kwa mtu wa pancha. Usiku nilimwambia Erupe.

"Ataolewa na Majok. Atatuacha."

Erupe alifikiri kidogo. "Majok ako na ng'ombe?"

"Ako na pampu ya baiskeli."

"Basi hataolewa," akasema, akalala. Mimi sikulala haraka hivyo.

Ijumaa nyingine ikaja, na nilimchunguza Majok kama anavyochunguzwa shemeji. Hapo nikaona kitu ambacho sikuwa nimekiona. Filamu ikiendelea, kila mtu ametulia, ghafla Majok aliinama akafunga kamba za viatu. Aliinama mpaka kichwa kikawa chini ya magoti, akafunga, akafunga. Nyuma ya mgongo wa Shangazi bunduki zikaanza kulia, vijana wakashangilia. Zilipokwisha akainuka, anatazama mbele kama mtu ambaye hajatoka mahali. Nikatazama miguu yake. Alikuwa amevaa akala, vile viatu vya tairi, ambavyo havina kamba.

Watu walipotoka nje, Majok alimngoja Shangazi mlangoni. Wengi walikuwa bado wamesimama pale wanasimuliana filamu.

"Mama, kef, namna gani?" akasema, kwa adabu lakini amekunja uso. "Wewe naangalia mimi kila wiki. Video iko huko, wewe naangalia mimi. Mimi nimekosea wewe nini?"

Vijana wakacheka. Mmoja akapiga mluzi. Mimi nikashika karai kwa mikono miwili nikisubiri wataje mahari.

Shangazi hakujua kusema kitu kwa kuzunguka. "Hujanikosea," akasema kwa sauti yake ile ya mbuzi walio mbali. "Niko na mtoto nyumbani anaogopa bunduki. Mimi sijui kizungu, sijui kihindi, nikiangalia video naona ng'ombe tu. Hawa wengine wote bunduki ikilia wanacheka, hawanisaidii. Wewe unaogopa kama yeye. Ukiinama chini, mimi najua hii si ya mtoto wangu."

Kicheko kilikatika. Majok alisimama pale, mrefu hivyo, watu wote wakiwa wameigeukia miguu yake. Aliondoka akavuka barabara, akachukua pampu yake, akaingia ndani ya kambi. Shangazi alitazama alipopitia mpaka vumbi likatua. Sikuwahi kumwona akiwa na uso ule, uso wa mtu aliyevunja chombo cha wenyewe.

Wiki hiyo Baba Furaha alitangaza filamu mpya. "Ni histoire ya mbwa," akatuambia sisi watoto, mikono hewani. "Mbwa amepotea, anatafuta mwenye yake. Hakuna masasi, hakuna bunduki! Batoto bote bakuje." Erupe alipopata habari hizo hakula. Filamu ya mbwa! Ijumaa Shangazi akaenda na njugu zake, akaipa video mgongo, akatazama. Pale mwisho wa ubao, penye mlango, hapakuwa na mtu. Watu wazima waliokuwepo walipiga miayo, wengine wakatoka mapema, hiyo ni ya watoto. Shangazi alirudi nyumbani, akakaa jikoni bila kuwasha moto.

"Niende ama nikae?" Erupe akauliza.

"Leo sijui," Shangazi akasema.

Sikuwa nimewahi kumsikia akisema hivyo. Erupe naye hakulia, na ingekuwa afadhali angelia. Alikwenda kwenye mchanga wake akafuta vile vichoro kwa mguu.

Asubuhi ya Jumamosi Shangazi alitia maziwa kwenye kibuyu, akatuchukua wote wawili, tukavuka mto. Majok alikuwa ameinamia beseni la maji, akizungusha tyubu ndani yake kutafuta tundu.

"Ejok," Shangazi akamsalimu.

"Ejok," akajibu, hajainua uso.

"Nilikuaibisha mbele ya watu. Nilikuwa nafikiria mtoto wangu, nikasahau wewe pia ni mtoto wa mtu." Akaweka kibuyu kando ya beseni. "Nimekuja kusema pole. Sikuombi kitu."

Majok alizungusha tyubu mpaka mapovu yakatoka, akaweka kidole juu ya tundu, akakiacha hapo. Kisha ndipo alipotutazama. "Ni huyu?"

Erupe alikuwa nyuma yangu. Akajitokeza nusu.

"Wewe naogopa bunduki?" Majok akamwuliza.

Erupe akaitikia kwa kichwa.

"Mimi pia."

Erupe alimtazama kutoka kwenye akala kupanda juu, safari ndefu, mpaka akafika usoni. "Lakini wewe ni mkubwa," akasema, kwa mashaka.

"Aywa, ndiyo. Mimi mkubwa, na naogopa." Akafuta mikono kwenye suruali. "Video ni saa ngapi?"

Ndivyo ilivyokuwa kwamba Jumamosi ile, kati ya watoto waliojazana bandani, alikaa mtu mzima mmoja, magoti yamemfika kidevuni, na pembeni yake Erupe. Watoto waliwacheka kidogo, kisha mbwa akatokea wakasahau. Nilikaa upande wa pili wa Erupe. Shangazi alikuwa pale pale mbele, mgongo kwa televisheni, ila leo hakuuza njugu. Karai lilikuwa mapajani limefunikwa na hakuna aliyethubutu kumwomba.

Mbwa alivuka milima. Alinyeshewa. Alilala chini ya gari bovu, Erupe akaguna kwa huruma. Tulikuwa tumefika mbali, mbali kuliko Erupe alivyowahi kufika, na nilianza kumwamini Baba Furaha. Halafu mbwa akaingia katika boma la mkulima mmoja, kuku wakaruka huku na huku, mlango wa nyumba ukafunguliwa, mkulima akatoka. Alikuwa na bunduki.

Nilimsikia Erupe akivuta pumzi. Nikamshika shati, sijui nilitaka kumzuia au kutoka naye. Alikuwa ameshateleza kutoka kwenye ubao, miguu yake iko chini tayari. Lakini pale chini alikutana na kichwa cha Majok. Majok alikuwa ameinama, anafunga zile kamba zisizokuwepo, na kutoka pale alipo hakuweza kuona chochote.

Erupe alisimama. Alitazama mlango uliokuwa wazi hatua chache mbele yake. Akamtazama Majok. Kisha akaweka mkono wake mdogo juu ya shingo ile ndefu, akageuza uso kwa televisheni, akaanza kumwambia.

"Bado," akasema. "Bado. Usiinuke. Ameshika tu. Mbwa anakimbia." Bunduki ikalia na mwili wake wote ukaruka, machozi yakamtoka, lakini macho hakuyafunga, maana angeyafunga angemwambia nini mwenzake? "Amekosa. Amekosa! Mbwa amepita chini ya ua. Ngoja. Yule mtu anarudi ndani. Amefunga mlango. Inuka, Majok. Inuka, imeisha."

Majok akainuka. Walikaa tena, mkono wa Erupe ukiwa bado shingoni mwake, kwa hiyo alilazimika kukaa amejipinda upande mmoja mpaka filamu ikaisha. Nilimtazama Shangazi. Alikuwa amewakazia macho wao wawili, mwanga wa televisheni ukimpita pande zote, na alikuwa akilia bila kujifuta. Hakugeuka kuona kama mbwa alimpata mwenyewe. Alimpata. Jina la mwisho kabisa lilipopita kwenye kioo, Erupe bado alikuwa amekaa. Hakujua kwamba mtu huwa anaondoka.

Tulipokuwa tunavuka mto kurudi nyumbani, alimsimulia Shangazi filamu nzima, mbwa, mvua, gari bovu, mkulima, mwisho, tena mwisho, akirudi nyuma kila alipokumbuka kitu. Shangazi alisikiliza yote. Tulipofika ukingo wa pili akamwuliza, kwa unyenyekevu ambao sikuwahi kumsikia nao, kama filamu ile inawafaa watoto.

Erupe alifikiri akitembea.

"Kwa watoto iko sawa," akasema. "Lakini Majok asiachwe aende peke yake."